Asubuhi Uliyokula Kabla ya Meza ya Bwana

Mpendwa Baba,

Nimevua viatu tu, leso bado iko kichwani, na vidole vyangu vinanuka mbaazi. Mama ananiita nikamsaidie kukunja mikeka, nami namwambia aningoje kidogo. Siwezi kutulia mimi! Nina habari, na mwenye habari hii ni wewe, kwa hiyo keti huko uliko unisikilize, kama ulivyonisikiliza nikirudi shule nikiropoka mpaka uniambie nimeze mate kwanza.

Leo ni Pasaka, Baba, ya kwanza bila wewe. Na akina mama wa kanisa wamenitaka Jumapili ijayo niwaambie ibada ya kweli ni nini. Mimi! Nimekuwa nikijikuna kichwa wiki nzima. Sasa nimeamua nitawasomea barua hii niliyokuandikia wewe, basi nivumilie nikieleza mambo unayoyajua.

Wakumbuka vita vilipopamba moto, meli zikawa hazituletei tena ile mikate myembamba ya Meza ya Bwana. Mchungaji akakujia wewe, kwa kuwa ulikuwa mwoka mikate katika bekari ya Mhindi pale mjini. Ulifurahi wewe, hata ukasahau kumpa mgeni kiti. Halafu ukaanza kulalamika, maana mkate ule hautaki hamira, hautaki sukari, hautaki tui, na mikono yako ilikuwa imezoea kutia iliki katika kila kitu. Kila ulipooka mikate ya kanisa ulimwamuru Mama akafiche kopo la iliki, nawe usiambiwe lilipo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kipaimara, na Pasaka ndiyo ingekuwa mara yangu ya kwanza kuijongelea Meza. Uliniahidi kwamba tutapiga magoti pamoja, bega kwa bega. Nilikuwa nimewatangazia wasichana wote wa darasa letu. Gauni jeupe lilikuwa tayari, limepigwa pasi, limetundikwa ukutani.

Lakini nyumbani kwetu palikuwa na jambo lisilotajwa. Wewe na ndugu yako mdogo mlikuja mjini pamoja kutoka shamba, nyote hamjashika dini hata moja. Wewe ukabatizwa, yeye akasilimu, akaitwa Saidi, akaoa mtaa wa Kibokoni. Siku ya harusi yake ulikwenda, ndiyo, lakini ulipoletewa sinia ya pilau ukasema umeshiba, ukaaga. Umeshiba! Mtu mzima amekuja karamuni na tumbo limejaa! Hapa petu mtu akikataa chakula chako amekukataa wewe mwenyewe, na Ami Saidi aliielewa hivyo, na hakukosea. Tangu hapo mkikutana barabara ya Ngome mmoja wenu alikuwa akivuka upande wa pili. Mama alikuwa akisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wewe ulikuwa ukimuuliza kama kuna chai.

Jumamosi ile jioni ulikuwa unakanda, nami nimeketi kizingitini nasoma somo langu kwa sauti, niko mbioni kulimaliza nikasukwe nywele. Nikafika pale Bwana anaposema kuhusu mtu aletaye sadaka madhabahuni, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo akapatane naye kwanza. Mikono yako ikasimama ndani ya unga.

Ukaniambia, "Soma tena."

Nikasoma tena. Ulikanda ule unga kama mtu anayefua shuka, na mimi nikaenda zangu kusukwa.

Asubuhi ukanikabidhi mikate imefungwa kitambaa cheupe, ukasema tutangulie. Mama alielewa pale pale, akawa anacheka huku anafuta machozi kwa pembe ya leso. Mimi nilichoelewa ni kwamba babangu anaondoka upande usiokuwa wa kanisa.

Yaliyotokea huko Kibokoni nilihadithiwa na mke wa Ami, Bi Zuhura, baadaye sana. Ulipiga hodi, akafungua mwenyewe Ami Saidi. Ukamwambia umekuja kumtaka radhi kwa siku ya harusi yake. Alikuelekeza mkekani, akamwita mkewe alete chakula, kisha akaketi mbele yako. Vikaja mahamri ya moto, yananukia iliki, na mbaazi za tui.

Na desturi ya kanisa letu, Baba, ni kwamba anayekwenda Mezani hatii kitu kinywani tangu aamke, hata maji. Ami hakuijua desturi hiyo, angeijulia wapi? Kwake yeye lilikuwa swali moja tu, kama utakula au utasema tena umeshiba. Ungeweza kumweleza. Lakini hata maneno ya kweli, kwa mtu uliyemkataa mara moja, yangesikika kama ni yale yale ya siku ya harusi. Bi Zuhura anasema ulizitazama zile mbaazi mpaka zikaacha kutoa moshi. Kisha ukamega hamri, ukachovya, ukala. Ami naye akanawa, akala nawe sahani moja. Sahani ikawa nyeupe, na hapo ndipo mkaanza kumcheka mbuzi mmoja wa utotoni mwenu aliyekula kofia ya babu.

Uliingia kanisani tukiwa katikati ya wimbo, unahema, jasho linakutoka, ukabanana nami kwenye benchi. Roho yangu ikatulia tuli. Halafu nikaisikia harufu ya iliki, na wewe iliki ulikuwa umefichiwa! Nyuma yetu alikuwa ameketi Mzee Danieli, mzee wa kanisa, ambaye pua yake waijua. Akainama akakuuliza kwa sauti ya chini kama umekula.

"Nimekula," ukasema, wala hukuishusha sauti. "Nimekula kwa ndugu yangu."

Wakati wa kwenda mbele ulipofika nilikushika mkono wa kanzu. Nilikukumbusha kuwa uliniahidi. Uso wako ulikuwa unang'aa, nami nilitamani kulia.

"Nenda, mwanangu," ukaniambia. "Mimi sadaka yangu nimekwisha itoa."

Nikaenda, nikapiga magoti kando ya nafasi yako, nikaula mkate wako usio na ladha. Nilinuna mpaka Jumatano. Mzee Danieli naye alitaka uondolewe kabisa kazi ile ya kuoka. Mchungaji alikusikiliza kwanza, kisha akamuuliza Mzee kama yeye hana mtu wa kumwendea kabla ya Jumapili. Mzee akachukua kofia yake akatoka.

Zamani nilidhani ibada huanza kengele ikilia, na kwamba ni gauni kunyooka na wimbo usiokosewa. Wewe ulibaki benchini siku ile, umejizuilia Meza kwa mkono wako mwenyewe, ukaimba kwa furaha ambayo sijaisikia kwa mtu tena. Ibada yako ilikuwa imeanza mkekani Kibokoni.

Mama, ambaye siri haimkai, alimweleza Bi Zuhura jinsi ulivyoikosa Meza kwa kula kwao. Pasaka iliyofuata tulipiga magoti pamoja, mimi na wewe, na baada ya sala tukaenda kwa Ami. Watoto wake walikuwa wamekula, majirani wamekula, lakini chakula chako kilikuwa kimefunikwa kawa na yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani. Alikwambia, "Siwezi kula hali wewe una njaa kwa ajili ya Mola wako." Ikawa hivyo kila mwaka.

Sasa sikia ya leo. Tangu tukuzike nimekuwa na hofu moja, kwamba kamba yetu na Kibokoni ilikuwa wewe, na imekatika. Kwamba kitakachobaki ni kusalimiana misibani. Jana nimeoka mikate ya kanisa mimi, kopo la iliki amelificha Mama. Leo mahubiri yakarefuka, watu wakapiga soga mlangoni, jua likapanda. Mama akasema twende kwa Ami. Nikamwambia watu wamekwisha kula saa hizi, tutawatia aibu bure. Mama alikwisha shika njia.

Tukapita Ngome, tukaingia mtaani, tukapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi. Ami ameketi mkekani, tasbihi mkononi, midomo imemkauka, na mbele yake kawa imefunika sinia.

"Mwachelewa, mwanangu," akaniambia. "Nina njaa."

Nikataka kumweleza habari ya mahubiri, machozi yakanitangulia. Ilikuwa karibu adhuhuri, Baba, na ndugu yako hakuwa amekula.

Pumzika kwa furaha, wewe uliyenifunza kupiga magoti. Mama ananiita tena, naenda.

Ni mimi, binti yako mropokaji