Wangila, Tosha Bado Anakula Sungura

Mwaka umezunguka, mjukuu wetu Derrick Wangila, tangu utoke Kitale na pikipiki kwenda kutibu ng'ombe Naitiri, usifike. Mpaka leo pikipiki ikipunguza mwendo hapa langoni, mbwa wetu Tosha anasimama. Mimi nyanya yako, Kukhu wako, nasimama pia.

Ulikuwa daktari wa mifugo na hukudharau mbwa. Tosha alipohara na kutapika miezi mitatu, akabaki mbavu tupu, majirani walisema, "Huyo amewekewa sumu, atupwe bana." Wewe ulipima kinyesi, ukampa dawa ya minyoo, ukarudi tena na tena. Mwisho ukaniambia, "Kukhu, si sumu. Utumbo wake umevimba, unapigana na chakula chake. Hauponi kabisa, lakini tutautuliza."

Ukakataza ugali, maziwa na nyama ya ng'ombe. Ukatuletea sungura wa kufuga, kwa sababu nyama hiyo hakuwahi kuionja, apikiwe na viazi. Siku moja nilimwonea huruma nikamtupia ugali. Ukacheka: "Si wewe Kukhu utamuua na upendo!"

Vidonge vya kutuliza utumbo uliniandikia kwa karatasi: kizima, kisha nusu, kisha nusu siku moja ukiruka moja. Visiachwe ghafla. Chini ukaandika, "Halafu nitakuja nione."

Kwa matanga yako watu wema walimtupia Tosha mifupa, wakisema naye amefiwa. Wiki hiyo akahara damu. Sikukaa wala kulala vizuri. Nilisoma karatasi yako hadi ikachanika kwa mikunjo, nisijue nianze upya au ningoje. Niliona huyu akienda, nakuzika mara ya pili. Mwenzako wa kazi, Nasambu, akaja bila kuitwa, akaturudisha kwa kidonge kizima, tukashuka tena polepole.

Juzi alimshika Tosha tumbo akasema dawa imetosha, sasa ni chakula tu. Bado kila akichuchumaa kwenda haja, naenda kuangalia kama kuna damu. Nilimpa Nasambu karatasi yako, nikamwomba aandike chini ya maneno yako. Akaandika: "Nimekuja. Nimeona."

Tunaokukumbuka ni mimi Wilkista, mama yako Phelista, dada yako Pauline na kaka yako Sifuna. Maombi ni Jumamosi, nyumbani Tongaren. Karibuni nyote, ila tafadhali, mbwa asitupiwe kitu.

Hatutakuacha usahaulike, Wangila.