Choo Kimenitia Aibu kwa Mama Mkwe

Shangazi Felisia, shikamoo. Naomba uninusuru kabla Ijumaa haijafika, maana nimepata aibu huku Guangzhou mpaka mtaa wa Dengfeng napita nikiangalia chini.

Mimi nasomea usanifu wa majengo, na mchumba wangu Jaffari anafanya biashara hapa Xiaobei, tukakubaliana nimchoree mama yake, Bi Zainabu, nyumba ya kujenga Tanga, nami nikaijenga yote ndani ya kompyuta, nikaizungusha mpaka jua la alasiri likakosa ukuta mpana wa kuuchoma na upepo wa bahari ukapita sebuleni, saruji nikaipunguza kwa matofali ya udongo, kiyoyozi hakuna kabisa, hivyo hewa ukaa itakayotoka ni kidogo mno, hata mwalimu wangu Mchina akanisifu. Juzi mama mkwe alikuja kununua bidhaa, nikamfungulia kompyuta mgahawani, watu wamejaa, akatazama, kisha akauliza, "Mwanangu, anayekaa kwenye choo hiki anatazama wapi?"

Nikasema kaskazini.

"Na kibla ya Tanga iko wapi?"

Shangazi, miaka yote huku tunaswali tukielekea magharibi, nikasahau kwamba kwetu kibla ni kaskazini, na chooni mtu haelekei kibla. Jaffari akacheka mpaka chai ikamtoka puani, akaita watu, "Njooni muone, laoban wangu, bosi mzima, kasahau kwao!" Sasa mama anasema nyumba ya kompyuta haitaki, atajenga ya zege yenye kiyoyozi kila chumba, na Ijumaa anaondoka. Nampenda Jaffari, na ile nyumba naipenda. Nifute kazi yote, au nigombane na mkwe kabla ya ndoa?

Maulida, Guangzhou

Marahaba, Maulida. Nami nimecheka, unisamehe, kisha nikakuonea huruma. Lakini usiisingizie Uchina. Kompyuta uliiuliza jua na upepo, ikakujibu, kibla hukuiuliza. Na mama mwenyewe hukumuuliza lolote. Unamchorea mtu nyumba bila kujua anaswali wapi na anaoga wapi, halafu unashangaa akiikataa? Kuuliza si ujinga, binti yangu.

Jaffari akuombe radhi mbele ya walewale aliowaita. Utani wa wachumba ni wa watu wawili.

Usifute kitu. Geuza choo, usigeuze nyumba. Kesho nenda alikofikia mama, na usimhubirie hewa ukaa. Muulize tu, umeme ukikatika Tanga mwezi wa pili, hivyo viyoyozi vitampepea kwa kitu gani? Kisha mshikishe kipanya, choo akigeuze yeye. Nyumba aliyoitengeneza kwa mkono wake hataiita tena ya kompyuta. Atawaambia majirani kaichora mwenyewe, nawe mwache aseme.