Bibi Yake Mtupu

Wawi, Ijumaa, baada ya Isha

Na bado akaniita nikamsaidie kupika pilau. Dada yangu Salma katoa sadaka leo, shukrani kwa majibu ya vipimo: hakurithi ile hitilafu ya jeni iliyomletea mama saratani ya titi. Mimi nimeirithi. Siumwi, daktari kasema, ila hatari yangu ni kubwa.

Namwonea wivu hata dua yake nimeitikia kwa shida.

Tangu utotoni alikuwa akininunia kwa kuwa mimi ndiye niliyefanana na mama. Nami nikijivuna.

Leo Bi Time, jirani, kamshika kidevu binti yangu, akacheka. "Huyu bibi yake mtupu."

Salma hakununa. Aliniangalia kwa huruma.