Tata Amerudi Dilala

Yaya Beatrisi, dada yangu mpenzi,

Hapa Kolwezi vumbi linatutangulia hadi kwenye sahani. Tangu nifike kwa kaka yetu, huku mtaa wa Dilala, sijatulia.

Unakumbuka ile hadithi niliyoandika juu ya Tata, baba yetu, alivyoshuka mgodini asirudi tena? Nilimtumia Mado, binti wa kaka, kwenye simu. Jana namuuliza kama ameisoma, ananiambia ameifuta!

"Tantine, memwari ya simu ilijaa. Lakini iko mu kichwa."

Nikawaka. Yeye akaendelea kusonga bukari huku akinisimulia yote, hata kofia ya Tata yenye tundu. Ila kwake Tata anarudi asubuhi kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi, anaomba maji.

"Mwisho umegeuza kwa nini?"

"Njo vile nilibatumia benzangu ba masomo, kwa sauti yangu. Balipenda sana, nabo banatumia bengine."

Yaya, ile nakala ya karatasi niliyokuachia, ichunge. Ukweli umebaki humo tu. Mungu akulinde pamoja na batoto, na upepo wa ziwa hapo Kalemie ukupoze kwa niaba yangu.

Mi, tangu jana, kila pikipiki ikisimama nje, naenda kuchungulia.

Mdogo wako,
Marta