Walikamatwa Wawili

Kinmen, 4 Machi

Mwanangu Pei-yao,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baridi ya Taipei haijakurudishia kile kikohozi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Leo ni siku ya saba mdogo wako Chih-hang hayupo. Alikwenda kuvua na Ou Tsung-hsien, kwenye mashua ya Tsung-hsien. Ukungu ukawafunika, injini ikazima, maji yakawasukuma hadi upande wa pili, China bara, na walinzi wa pwani wa kule wakawakamata wote wawili. Haya unayajua. Nimekuona kwenye televisheni ukiyasema, uso mkavu kama mtu anayesoma bei za mboga. "Suala hili linashughulikiwa kwa taratibu zilizopo." Suala. Huyo ni mtoto uliyekuwa ukimfunga kamba za viatu.

Nimepiga simu ofisini kwako mara nne. Msichana wa mapokezi akaniambia, "Asante mzee kwa maoni yako, Naibu Waziri atafikishiwa." Nikamwambia mimi si mwananchi mwenye maoni, mimi ni baba yake. Akasema, "Sawa mzee, nitaandika hivyo."

Mama Tsung-hsien anakuja kila asubuhi, anakaa jikoni kwangu na beseni lake, anapasua chaza bila kuuliza kitu. Anadhani mimi najua, kwa sababu ya wewe. Naona aibu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Miaka ishirini unalipwa kushughulika na watu wa kule. Basi washughulikie.

Baba yako


Taipei, 11 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi hakijarudi. Goti lipake ile dawa, usingoje livimbe kama mwaka jana.

Simu zako niliambiwa. Sikupokea kwa sababu chumbani tulikuwa watu wanane, na sauti yangu nisingeiweza.

Unasema niwashughulikie. Baba, hawapokei simu. Tangu serikali yetu iingie, tunapiga, inaita mpaka inakatika. Kwa ajili ya Chih-hang na Tsung-hsien tumepiga mara thelathini na saba. Wanataka kwanza tutamke kwamba sisi na wao ni nchi moja, ndipo wainue mkono wa simu. Nikitamka, kuanzia kesho kila mvuvi atakayepotea kwenye ukungu atakuwa na bei, na bei yenyewe itakuwa maneno makubwa zaidi ya haya.

Nilianza kazi hii nikiandika kumbukumbu za mikutano nyuma ya migongo ya wakubwa, enzi pande mbili zikikaa meza moja na kutaniana. Nimepanda ngazi moja moja, na kila nilipopanda, meza ilizidi kuwa tupu. Leo nina cheo, sina wa kuzungumza naye. Kwa hiyo usiniandikie kana kwamba nimekaa tu nakunywa chai.

Anayekunywa chai ni Diwani Hsueh. Yeye huenda Xiamen, kule kwao ng'ambo, kila mwezi, na kila kikombe hupigwa nacho picha. Atakuja kwako, maana chama chake kinautaka uchaguzi ujao kuliko kinavyomtaka Chih-hang. Mpe kiti, ni adabu. Usimpe kitu kingine, na usitie saini popote.

Binti yako


Kinmen, 29 Machi

Pei-yao,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti halikuhusu.

Hsueh amekuja. Kaleta habari, kitu ambacho wewe hujaniletea mpaka leo. Chih-hang anaumwa tumbo. Analala chumba kimoja na Tsung-hsien, wanapewa uji mara mbili kwa siku. Diwani wa kisiwa kidogo amejua anachokula mdogo wako, na Naibu Waziri hajui.

Jumanne nakwenda naye Xiamen. Feri ni nusu saa. Utoto wangu niliulalia kwenye handaki, makombora ya watu hawa yakipita juu ya paa la mama yangu. Huwezi kunifundisha kuwachukia, wala huwezi kunifundisha kuwaogopa. Nakwenda kuwaomba watoto wawili warudi nyumbani, na kuomba hakujamkata mtu ulimi.

Mama Tsung-hsien amenipa sweta nimpelekee mwanawe.

Usinikataze. Ningetaka ruhusa ningepiga ofisini kwako, yule msichana aandike.

Baba yako


Taipei, 9 Aprili

Baba,

Salamu utanisamehe, leo sina.

Nimemwona Chih-hang kwenye televisheni akishuka feri. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Kisha msemaji wao akaisomea dunia karatasi yako. "Mzee Weng, baba wa Naibu Waziri, anaishukuru nchi mama kwa huruma yake, na anaomba radhi kwa maneno ya binti yake." Chini kuna saini yako, ile ile uliyoitia kwenye ripoti zangu za shule.

Na Tsung-hsien yuko wapi? Tsung-hsien amefunguliwa mashtaka ya kuvuka mpaka, kwa kuwa mashua ni yake. Walikamatwa wawili, amerudi mmoja, na aliyerudi ni ndugu yangu. Hapa Taipei kila mtu anasema nimemnunua wangu nikamwacha wa jirani. Wabunge wa upinzani wameniita mnafiki. Wa chama changu hawakuniita kitu, na hilo ndilo baya zaidi. Leo asubuhi nimejiuzulu.

Wewe ni mwalimu. Umesahihisha insha miaka thelathini na minne. Usiniambie hukuisoma.

Mwambie Chih-hang nimefurahi amerudi, nafurahi kweli. Wewe usiniandikie.

Binti yako, kwa kuwa hicho ndicho cheo nisichoweza kujiuzulu


Kinmen, 2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua mbili zimerudi hazijafunguliwa. Hii nimempa Chih-hang aandike anwani kwa mkono wake, labda utaifungua.

Niliisoma. Karatasi ya kwanza ilikuwa na majina mawili. Tulipofika kikombe cha tatu cha chai, ofisa wao aliyetupokea akaiondoa, akaleta nyingine. Akasema, "Mzee, mwenye mashua ni jambo jingine. Mmoja anaweza kuondoka leo, au wote wasubiri." Nikamtazama Hsueh. Hsueh akatazama dari. Nikauliza watasubiri mpaka lini, yule ofisa akanisogezea kalamu. Nikasema, basi huyo mmoja. Sweta nililisahau chini ya kiti.

Mama Tsung-hsien haji tena. Nikimkuta njiani ananisalimia vizuri, na ile salamu naibeba siku nzima. Chih-hang anakula amesimama jikoni. Ananiambia, "Waliita jina langu peke yake, Baba. Tsung-hsien ndiye aliyenikunjia nguo."

Lakini na wewe pia nina hasira, sitakuficha. Mwezi mzima ulikaa na taratibu zako. Ungepanda ndege mara moja ukaja kukaa na mimi jikoni, saa mbili tu, hata bila la kusema, nisingemfuata Hsueh.

Baba yako


Taipei, 18 Septemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya Juni niliisoma siku ile ile. Sikujibu kwa sababu ulikuwa na haki kuhusu zile saa mbili, na sikutaka kukupa haki hiyo.

Tsung-hsien anarudi Alhamisi ijayo, feri ya asubuhi. Hsueh ameshaanza kusema ni kazi yake. Asikudanganye mtu. Si yeye, wala si mimi. Walimhukumu miezi saba, ameitumikia yote, basi.

Tangu niache kazi nampigia simu Mama Tsung-hsien kila Jumapili. Mara ya kwanza alikata. Ya pili akasema, "Endelea, nasikiliza."

Nitafika Jumatano. Chumba changu usikifagie. Nitalala kwake.

Pei-yao, binti yako


Kinmen, Alhamisi, 28 Septemba, alasiri

Pei-yao,

Hali yangu umeiona mwenyewe gatini leo. Yako pia nimeiona. Umekonda.

Nilisimama nyuma kwa kuwa sikuwa na haki ya mbele. Nilimwona Tsung-hsien akilipita shada la maua la Hsueh kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Nilimwona mama yake akimlisha tambi na miguu ya nguruwe, za kumwondolea mkosi wa jela, pale pale, kwenye bakuli alilolishika chini ya shali ili lisipoe.

Waandishi walipomzunguka Hsueh nilisema kwa sauti niliyokuwa nikitumia darasani. Nilisema, "Niliyechagua ni mimi. Nilipewa majina mawili nikachukua la mwanangu. Binti yangu hakuomba chochote, na alinikataza." Hsueh akasema mzee amechoka. Nikamwambia sijachoka, na nikawaeleza kuhusu dari. Uligeuka ukanitazama, kisha ukaondoka na Mama Tsung-hsien. Sijui kama watayaandika. Cheo chako hayatakurudishia, najua hilo. Tsung-hsien alisikia yote.

Barua hii haina stempu. Naipitisha chini ya mlango wa Mama Tsung-hsien, nasikia mnaosha vyombo. Nimekaa hapa nje kwenye ngazi. Miezi sita unanigombeza kwa kunyamaza. Ukimaliza kusoma, fungua mlango unigombeze kwa mdomo, na huyo mama naye, na mwanawe. Siondoki.

Baba yako