Chupa Aliyoiosha Mama

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, migomba bado inadondosha maji.

Shajara yangu, leo nimesema mbele za watu. Mimi, ambaye darasani hata jibu nikilijua nainamisha kichwa.

Bwana Maji wa wilaya alifika hapa Kasulo kutoka Ngara kwa baiskeli, maana gari la ofisi limekwenda vitani. Alikuja kupima kisima chetu. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa nyumba zimepangwa mistari, na vyoo vya mstari wa juu haviko mbali na kisima. Mdogo wangu Gervas anaharisha kila mara. Mama hataki kusikia kwamba ni maji. Mawe ya kisima kile aliyabeba kichwani akiwa na mimba ya Gervas.

Bwana Maji alianza kupampu na kumwaga, ndoo baada ya ndoo.

"We baba, unatumaliza!" jirani yetu Bibi Koleta alifoka. "Huko Ngara maji yanaota kama uyoga?"

Bwana Maji alicheka. Alisema maji yaliyolala kwenye bomba hayatoi habari za chini ya ardhi. Lazima yatoke, yaje mapya. Kisha akauchoma mdomo wa pampu kwa pamba yenye spiriti iliyowashwa moto, uchafu wa mikono yetu usiingie kwenye kipimo.

Chupa alikuwa nayo moja tu, imefungwa karatasi, ameiweka barazani kwetu. Alikwisha kutuonya kwamba imeuliwa vijidudu, isifunguliwe. Lakini Mama wakati huo alikuwa jikoni. Alipotoka aliona karatasi ina vumbi la safari. Akaifungua chupa, akaisugua kwa majivu, akaisuuza kwa maji ya mtungi mpaka ikang'aa. Mgeni hapewi maji kwenye chombo cha vumbi. Akampa Bwana Maji aliyekuwa ameinamia pampu, naye akaipokea bila kuitazama.

Kama angeijaza, jibu lingekuwa la mtungi wetu.

Kumwaibisha Mama mbele ya kijiji kizima!

"Shikamoo," nilisema, sauti kama ya kifaranga. "Chupa imeoshwa."

"Marahaba ya pili leo," alijibu, kisha akaitazama chupa. Mama alishika mdomo.

Bwana Maji hakumkaripia. "Mama, una sufuria?" aliuliza tu.

Wakaichemsha chupa pamoja na kifuniko chake. Mama alikaa pale akipuliza moto, akifukuza watoto, kana kwamba anampikia mgonjwa. Ilipopoa, Bwana Maji aliijaza bila kuifikisha ukingoni, akaifunga kwa majani ya mgomba yaliyolowa ili isipate joto, akaondoka akikanyaga baiskeli kwa haraka.

Jioni hii Mama ameniuliza, "Wakisema kisima ni kibaya, watakifukia?"

Nilimsogezea kuni.

Alibandika maji ya Gervas motoni, akasubiri yachemke.

Naomba jibu liwe la kweli. Je, ni dhambi kuomba pia limhurumie Mama?