Mume Wangu Kaandika Mwongozo, Mimi Natumia Simu kwa Siri

Bibi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu siku hiyo ama nitamwaibisha mume wangu mbele ya watu, ama nitawadanganya watu hao pamoja naye, na njia ya tatu siioni.

Tuna studio ya picha, chumba kimoja, kaunta mbele na pazia nyuma, yeye anapiga, mimi nasafisha picha kwenye kompyuta na kuchapisha. Programu tunayotumia ni huria, hailipiwi, imetengenezwa na watu wa kujitolea wa huku na kule wasiojuana hata sura, na yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Mume wangu ni mmoja wao, yeye ndiye aliyeandika mwongozo wake wa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jioni baada ya jioni, chai ikipoa pembeni, na Bibi, huyu ni mtu wa kuanza mambo na kuyaacha, huo mwongozo ndio kitu cha kwanza nimemwona akikimaliza, siku hiyo alinibeba juujuu mpaka nikagonga taa kwa kichwa.

Sasa siri yangu. Mwongozo wenyewe unanishinda. Unafika mahali umeandika, "Chagua tabaka husika, kisha paka rangi kama kawaida," mimi nachagua hilo tabaka, ile karatasi angavu ya kuwaziwa inayolazwa juu ya picha, napaka, brashi inateleza juu ya picha kama kidole juu ya kioo, haiachi hata alama. Mara ya kwanza nilimwita, akaja, akaninyang'anya kipanya, tk tk tk, brashi ikapaka. "Umeona, mama? Rahisi." Nikasema nimeona. Sikuona kitu, Bibi, niliona mgongo wake.

Tangu hapo simwiti. Picha naihamishia kwenye simu nyuma ya pazia, naibonyeza mara moja inajisafisha yenyewe, nairudisha kwenye kompyuta, nachapisha. Yeye kaunta anauliza, "Mama, tayari?" Naitika, "Tayari!" Anawageukia wateja, "Mnaona? Mke wangu anaitumia programu hii kila siku na hajawahi kuniuliza swali."

Ningeendelea hivyo hivyo, ila alikuja mama mmoja mjane na picha pekee ya marehemu mumewe, imekunjika katikati ya uso, anataka ikuzwe iwekwe sebuleni. Simu ikaondoa mkunjo, ikaondoa na kovu la kwenye nyusi, na mikunjo yote ya uzee. Mama wa watu akaitazama akaniuliza, "Kijana huyu ni nani?" Nikamwomba anipe muda, na mpaka leo ananisubiri. Halafu mume wangu amewaalika wenye studio wenzetu waje Jumamosi waamue kama wataacha programu zao za wizi watumie hii, na mtu wa kukaa mbele na kuwaonyesha, mwongozo mkononi, kwa picha hiyo hiyo ya marehemu, ni mimi. Niseme ukweli nimvunje moyo, nijifanye mgonjwa, au nimwombe ile tk tk tk niikariri?

Mke wa Mpiga Picha

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na sasa kaa vizuri, maana nakuja na fimbo.

Ugonjwa ufute kabisa. Ukijifanya unaumwa Jumamosi hii, Jumamosi nyingine itakubidi ufe. Na kukariri ni kuhamisha uongo kutoka kwenye simu kuupeleka kwenye vidole.

Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, na shule niliipita kwa nje nikienda sokoni, kwa hiyo tabaka na brashi sitavitia mdomo. Ila mtu anayesema "kama kawaida" namfahamu vizuri. Mke wa mwanangu nilimwelekeza kwa simu jinsi ya kutia uzi kwenye cherehani yangu. Pitisha huku, pitisha kule, kanyaga. Uzi unakatika. Akanipigia tena: "Mama, umekatika, njoo unitazame." Nikaenda nikiwa nimefura, nikakaa nitie mwenyewe, yule binti akadaka mkono wangu hewani: "Hapo! Umeinua kile kichuma kinachobana kitambaa. Hukuniambia!" Kweli sikumwambia. Mkono ulikuwa unakiinua miaka yote bila kunitaarifu.

Mumeo naye yuko hivyo hivyo. Kuna kitu vidole vyake vinabonyeza kabla ya kupaka, na yeye mwenyewe hajui kama anabonyeza. Na asome hapa, namwambia kwa jina la upendo: baba, kumnyang'anya mtu kipanya si kumfundisha, na hilo neno "rahisi" ni la kumziba mtu mdomo.

Lakini wewe! Mke wa mwanangu alisema "umekatika." Wewe umesema "tayari." Kila ulipoitika nyuma ya pazia ulimpa mumeo cheti. Alikuwa na msomaji anayelala naye kitanda kimoja, ukamnyima. Wenzio walioko mbali, wasio na mume wa kumwita, wanakwama kwenye mstari ule ule, wanajiona wajinga, wanazima kompyuta, na wewe pekee ndiye ungewasemea. Unaogopa kumvunja moyo? Umesema programu nzima yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Mwongozo wake ndio umekuwa yai?

Leo mkishafunga studio mwambie, "Baba, picha zote hizo zilitengenezwa na simu, na kosa ni kunyamaza kwangu." Usiongeze chumvi. Atanuna. Mwache anune mpaka chai iishe, isizidi hapo. Kisha mweke kitini nyuma yako. Fungua mwongozo ukurasa wa kwanza, soma kwa sauti, fanya kilichoandikwa tu, usikisie, usimhurumie. Brashi ikigoma, sema "nimekwama," na yeye atafute kidole chake kilifanya nini ambacho kalamu haikusema, akiandike hapo hapo, nawe uanze tena toka juu. "Kama kawaida" zote azifute. Rudieni mpaka uuondoe ule mkunjo na kovu la marehemu libaki mahali pake, bila mkono wa mtu mwingine.

Jumamosi kaa kitini kifua mbele. Ukikwama, sema umekwama kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiitikia "tayari," na mumeo aandike mbele yao. Wenye studio ni watu wazima. Wakiona kosa linarekebishwa hapo hapo watajua programu hiyo ina wenyewe. Ila kabla ya hapo mpitie yule mjane umwambie mumewe anarudi na uzee wake wote.

Najua mikono ya mumeo itamwasha, na ya kwako itaitafuta simu. Dawa ni moja. Simu mpe yeye, aishike kwa mikono miwili. Kipanya shika wewe. Haya, soma mstari wa kwanza.